Vivumishi vya Kiingereza: Aina Zake na Matumizi Yake

Mtu asafiriye asubuhi kutoka Nyeri kwenda Nanyuki huuona Mlima Kenya upande wake wa kuume, na kama mawingu hayajapanda, barafu iliyobakia kileleni hung'aa juani. Mwenye kusema Kiswahili atasema, "Mlima mrefu." Mkikuyu atasema, "Kĩrĩma kĩnene." Mwingereza atasema, "A high mountain." Watu hao watatu wameona kitu kimoja, na kila mmoja ameongeza neno la kukieleza. Lakini tazama mahali walipoliweka neno hilo. Wawili wa kwanza wametaja jina la kitu, kisha wakataja sifa yake. Mwingereza ametanguliza sifa, na jina likafuata nyuma.

Neno la namna hii huitwa kivumishi. Kazi yake ni kutuongezea habari za jina: kitu kile kina hali gani, ni vingapi, ni kipi, au ni cha nani. Katika miji yetu ya mlimani, tangu Nyeri na Karatina hata Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki, Kiingereza ni lugha ya mtihani, ya barua ya kuomba kazi, ya mkataba wa benki na ya hati ya shamba. Katika maandishi kama hayo kosa la kivumishi si kosa dogo. Laweza kumfanya chifu aliye hai aonekane amekufa, na laweza kumwondolea mjane shamba lake katika karatasi, kama tutakavyoonyesha. Kwa hiyo yafaa tuvitazame vivumishi hivi, aina kwa aina.

MAMBO MAWILI YA KUSHIKA KWANZA

Jambo la kwanza tumekwisha kuliona: kivumishi cha Kiingereza kwa desturi hutangulia jina. Twasema "red soil," wala si "soil red." Hata Kiswahili kina neno la kutangulia namna hii, nalo ni "kila." Twasema "kila mtoto," wala hatusemi "mtoto kila." Basi mwanafunzi akumbuke kwamba vivumishi vya Kiingereza hufuata njia ya "kila."

Jambo la pili ni kwamba kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki kwa kufuata jina. Sisi tumezoea upatanisho. Katika Kiswahili twasema mtu mwema, watu wema, kitabu chema, vitabu vyema. Katika Kikuyu vivyo hivyo, mũndũ mũnene, andũ anene. Kwa kuwa jambo hili tumelinyonya pamoja na maziwa ya mama, mtoto wa shule huandika "greens hills," akidhani kwamba vilima vikiwa vingi, hata ukijani wake hauna budi kuonyesha wingi. Sivyo. Ni "a green hill" na "green hills."

Kuna njia rahisi ya kulikumbuka jambo hili. Kiswahili kimepokea maneno mengi ya sifa kutoka lugha za ng'ambo, kama safi, rahisi, hodari, ghali na bora. Maneno haya hayachukui kiambishi. Twasema kiti safi, viti safi, nyumba safi, maji safi. Mwanafunzi na avihesabu vivumishi vyote vya sifa vya Kiingereza kuwa ni kama "safi," naye hatapotea.

VIVUMISHI VYA SIFA

Hii ndiyo aina kubwa kuliko zote. Vivumishi hivi hujibu swali, "Kitu hiki ni cha namna gani?" Mifano ni "cold" katika "cold water," maji baridi, "steep" katika "a steep road," njia yenye mteremko mkali, na "honest" katika "an honest clerk," karani mwaminifu.

Hapa pana mtego kwa watu wa mlimani. Katika Kikuyu shina "-nene" lina maana ya ukubwa, lakini katika Kiswahili lina maana ya unene. Kwa sababu hii mtu wa Othaya aweza kusema kwa Kiswahili "nyumba nene," akamchekesha mtu wa Mombasa. Mtego kama huo umo katika Kiingereza pia. "A big man," "a fat man" na "a great man" ni watu watatu mbalimbali: wa kwanza ana mwili mkubwa, wa pili ni mnene, wa tatu ana heshima au matendo makuu. Usichague kivumishi kwa kutazama neno moja tu la lugha yako.

Vingine vya aina hii hutokana na vitendo, navyo huishia kwa "-ing" au "-ed." Cha kwanza humweleza yule au kile kinacholeta jambo, cha pili humweleza aliyepatwa nalo. "A boring teacher" ni mwalimu anayewachosha wanafunzi. "A bored teacher" ni mwalimu aliyechoshwa. Kijana aandikaye katika barua ya kuomba kazi, "I am very interesting in this work," amejisifu kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa kupendeza kusikilizwa. Alitaka kusema kwamba kazi ile yamvutia, yaani, "I am very interested in this work." Mwenye kuajiri atacheka, na barua itawekwa kando.

VIVUMISHI VITOKANAVYO NA MAJINA

Kutoka jina Kenya hupatikana "Kenyan," kutoka Afrika "African," kutoka Uingereza "British." Hivi huandikwa kwa herufi kubwa siku zote, hata vikiwa katikati ya maneno: "Kenyan coffee," "African music." Kosa la kuandika "kenyan" kwa herufi ndogo huonekana mara nyingi katika karatasi za mitihani.

Tena Kiingereza hulitwaa jina lolote na kulitia mbele ya jina jingine lifanye kazi ya kivumishi. Shamba la kahawa ni "a coffee farm," kiwanda cha chai ni "a tea factory," siku ya soko ni "a market day." Katika Kiswahili tunahitaji neno la kuunganisha, "la," "cha" au "ya", katika Kiingereza mpango tu wa maneno watosha. Lakini angalia sana: jina likifanya kazi hii pamoja na hesabu, kwa kawaida hubaki katika umoja. Shamba la ekari tatu ni "a three-acre farm," si "a three-acres farm." Mtoto wa miaka sita ni "a six-year-old child."

VIVUMISHI VYA HESABU NA VYA KIASI

Wachumaji wa chai katika milima ya Nyeri na Kirinyaga wanajua kanuni yao: majani mawili na chipukizi moja. Waingereza husema, "two leaves and a bud." Neno "two" ni kivumishi cha hesabu. Jina ndilo lililobadilika, kutoka "leaf" likawa "leaves", hesabu haikubadilika. Vingine huonyesha daraja, kama "first," wa kwanza, na "second," wa pili.

Vivumishi vya kiasi vyataka fikira zaidi, maana Kiswahili hutumia neno moja pale ambapo Kiingereza hutumia mawili. Sisi twasema watu wengi, na pia maziwa mengi. Mwingereza hutenga vitu vinavyohesabika na vitu visivyohesabika. Ng'ombe huhesabika: "many cows." Maziwa hayahesabiki, ila hupimwa: "much milk." Kadhalika uchache: "few cows," lakini "little milk."

Sasa ipo herufi moja ndogo inayogeuza maana. "Few" peke yake ni uchache wa kusikitisha, karibu na kukosa. "A few" ni uchache wa kutosha kwa jambo lililopo. Tuseme mkulima wa Mathira aandika kwa benki kuomba mkopo, naye ana ng'ombe wanne wa maziwa. Akiandika, "I have few cows," ameungama umaskini wake. Akiandika, "I have a few cows," amesema anao ng'ombe kadha wa kadha, na mwenye kusoma ataona kwamba ana kitu cha kuanzia. Ng'ombe ni wale wale. Herufi moja ndiyo iliyotofautiana. Ni hivyo hivyo kwa "little" na "a little."

VIVUMISHI VYA KUONYESHA, KUULIZA NA KUGAWANYA

Tulisema kwamba kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki. Hapa ndipo palipo na vivumishi viwili vinavyobadilika kwa wingi: "this" huwa "these," na "that" huwa "those." Twasema "this orange," lakini "these oranges"; "that hill," lakini "those hills." Kiswahili kina ngazi tatu: huyu, huyo na yule. Kiingereza cha kawaida kina mbili tu, cha karibu na cha mbali. Kwa hiyo "huyo" uliyekwisha kumtaja katika mazungumzo mara nyingi hufasiriwa "that."

Vya kuuliza ni "which," "what" na "whose": "Which road goes to Karatina?" Ni njia ipi iendayo Karatina? "Whose goat is this?" Mbuzi huyu ni wa nani?

Vya kugawanya ni "each" na "every." Vyote viwili hufasiriwa "kila," na vyote hufuatwa na jina la umoja: "every child," wala si "every children." Tofauti yake ni kwamba "each" hutazama mmoja mmoja, lakini "every" huwatazama wote kwa jumla bila kuacha hata mmoja. Baba akigawa ekari moja kwa kila mwana, atasema, "Each son will get one acre."

VIVUMISHI VYA KUMILIKI

Hivi ni "my," "your," "our," "their," "its," na viwili vinavyotusumbua kuliko vyote, "his" na "her." Katika Kiswahili "shamba lake" ni shamba la mwanamume au la mwanamke, neno halisemi. Lugha zetu za mlimani nazo hazitengi mume na mke katika neno hili. Lakini Mwingereza hawezi kusema neno "lake" bila kueleza kama mwenye mali ni mume au mke.

Fikiri basi mjane wa kijiji kimoja, ambaye mumewe amefariki, naye amemwomba kijana aliyesoma amwandikie barua kwa Kiingereza. Mama asema kwa Kiswahili, "Shemeji yangu amelima shamba lake bila ruhusa." Maana yake, shemeji amelima shamba la mama huyo aliyetajwa katika barua. Kijana aandika upesi, "He has cultivated his land." Kwa neno "his" amesema kwamba shemeji amelima shamba la shemeji mwenyewe, wala hakuna kosa lolote. Ilimpasa aandike "her land." Afisa aipokeaye barua hiyo hataona malalamiko ndani yake, na mama atangoja jibu lisilokuja. Mwenye kumwandikia mwingine barua na aulize kwanza, "Hili 'lake' ni la nani?" ndipo aandike.

KIVUMISHI NA MAHALI PAKE

Vivumishi vingi vyaweza kukaa mahali pawili: mbele ya jina, kama "a cold night," au nyuma ya kitendo "kuwa," kama "the night is cold." Lakini vichache vina kiti kimoja tu. "Afraid," "asleep," "alive" na "awake" hukaa nyuma. Twasema "the child is asleep," lakini hatusemi "the asleep child", husemwa "the sleeping child." Vingine hukaa mbele tu, kama "main" katika "the main road," barabara kuu.

Tena kuna vile vinavyobadili maana vikihama kiti. "The chief is late" maana yake chifu amechelewa. "The late chief" maana yake marehemu chifu. Katibu wa baraza atakaye kuandika kwamba chifu alichelewa kufika mkutanoni, akaandika "the late chief," amewatia watu wa kata nzima katika matanga. "Present" nalo ni hivyo: "the present chairman" ni mwenyekiti wa sasa, lakini "the chairman was present" ni kwamba mwenyekiti alikuwapo mkutanoni.

KULINGANISHA

Mlima wetu una vilele vitatu vijulikanavyo sana. Batian una mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana mita 4,985. Kilele cha Batian kilifikiwa mara ya kwanza na Mackinder na wenzake mwaka 1899. Kwa vilele hivi twaweza kujifunza ngazi tatu za kivumishi.

"Lenana is high." Hapa hatulinganishi. "Nelion is higher than Lenana." Hapa tunalinganisha viwili, na "than" ndiyo "kuliko." "Batian is the highest peak." Hapa kimoja kimeshinda vyote, nasi huongeza "the." Maneno mafupi huchukua "-er" na "-est." Maneno marefu hutanguliwa na "more" na "most," kama "more beautiful," "the most beautiful." Usitumie njia zote mbili kwa pamoja. "More higher" ni kosa, kama mtu aliyevaa kofia mbili. Vichache vina njia yake peke yake, navyo hapana budi kuvikariri: "good, better, best", "bad, worse, worst."

Vivumishi vya sifa vikiwa vingi mbele ya jina moja, kwa kawaida mpango wake ni huu: maoni ya msemaji, ukubwa, umri, rangi, asili, kisha kitu kilichotumika kutengeneza. Kikapu kizuri, kikubwa, cha zamani, cha rangi ya kahawia, cha mkonge ni "a beautiful big old brown sisal basket." Ukiupindua mpango huo Mwingereza atakuelewa, lakini sikio lake litakwaruzwa.

KIVUMISHI NA ARDHI

Tumeacha jambo zito la mwisho. Kwa muda mrefu kivumishi kimoja kilikuwa mpaka wa nchi mbele ya macho ya watu wa Nyeri na Nanyuki. Nyanda za juu zilizotengwa kwa walowezi ziliitwa "White Highlands." Neno "white" hapo halikueleza rangi ya udongo wala ya mlima, lilieleza rangi ya mtu aliyeruhusiwa kumiliki. Mipaka ya nyanda hizo iliwekwa kwa amri ya mwaka 1939, na vizuizi vya rangi viliondolewa mwaka 1960.

Katika miaka ya 1950 mashamba yaliyotawanyika ya Nyeri na wilaya jirani yalikusanywa pamoja, na wenyewe wakaandikishwa. Tangu wakati ule hati ya ardhi imekuwa karatasi ya thamani katika nyumba nyingi, nayo imejaa vivumishi. Sheria ya Kenya ya kusajili ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba cheti cha umiliki ni ushahidi kuwa aliyetajwa ni mwenye mali "absolute and indefeasible." Cha kwanza maana yake kamili, cha pili maana yake asiyeweza kuondolewa katika haki yake. Ni maneno yenye nguvu, lakini sheria hiyo hiyo yaruhusu cheti kupingwa kama kilipatikana kwa udanganyifu, kwa njia isiyo halali, au kwa rushwa.

Angalia pia neno "joint." Watu wawili wakiandikishwa kwa umiliki wa namna hii, mmoja akifa, haki yake huenda kwa yule aliyebaki. Lakini wakiandikishwa kwa maneno "in common," kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu hilo huenda kwa warithi wake. Kabla ya sheria hiyo ya mwaka 2012, ndugu wawili waliweza kutia sahihi siku moja, kwa shamba moja, bila ugomvi. Na miaka ishirini baadaye watoto wa mmoja wakajikuta hawana kitu, kwa sababu ya kivumishi ambacho baba yao hakuuliza maana yake. Kuuliza si aibu. Kabla ya kutia sahihi au kidole, mwombe mtu anayejua akufasirie kila neno lililotangulia jina la mali yako.

ZOEZI

Sahihisha maneno haya, kisha tazama majibu hapa chini.

1. We saw greens hills near Othaya.
2. This oranges are sweet.
3. There is many milk in the can.
4. Nelion is more higher than Lenana.
5. My father has a two-acres farm.
6. Every children must go to school.

Majibu: 1, green hills. 2, These oranges. 3, much milk. 4, higher than Lenana. 5, a two-acre farm. 6, Every child.

Aliyepata yote sita amefanya vyema. Aliyekosa mawili au matatu asivunjike moyo, bali arudi kusoma sehemu inayomhusu. Na aliye na mtoto shuleni amwite jioni, wafanye zoezi hili pamoja. Huenda mtoto akamfundisha mzazi, na mzazi akamweleza mtoto kwa nini yafaa kujua.